Bundi Aliyevaa Koti

"Hattie, toka mwanangu, giza hilo linaingia!"

Maren alisimama barazani na simu mkononi, akilitazama jua likizama nyuma ya mapaa. Picha za mwaka jana alizipiga gizani kwa taa ya simu, na mtoto akatoka na macho mekundu kama mgonjwa. Mwaka huu ilimpasa awahi.

Hattie, wa miaka sita, akatoka amekuwa bundi. Mabawa yake ya vitambaa, aliyoyashona mama mtu mpaka vidole vikauma, yalikuwa yamefunikwa na koti. Baridi ya mwisho wa Oktoba haina mzaha.

Pale Des Moines, Marekani, watoto huvaa kama viumbe na kuzunguka nyumba za jirani siku moja kabla ya Halowini, sikukuu ya mizimu, wala peremende hazitolewi bure. Mlango ukifunguliwa, mtoto sharti aseme kichekesho kwanza. Curtis, baba yake Hattie, alikulia mitaa hiyohiyo na kigugumizi chake. Kila mwaka watu walimwonea huruma, wakamtilia peremende mfukoni kabla hajafika katikati. Hakuwahi kumaliza hata kimoja. Sasa Hattie naye alikuwa nacho kigugumizi, na Curtis yuko mbali, Dakota, akitengeneza mitambo ya umeme wa upepo. Jana alipiga simu.

"Nipigie picha moja tu," alimwambia Maren. "Akishamaliza. Akimaliza mwenyewe."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Lorraine. Maren akapiga magoti kwenye majani yaliyolowa, simu ikawa sawasawa na uso wa mtoto.

"Kwa... kwa nini mzi... mzi..." Hattie akaitupia simu jicho, akanyamaza.

"Endelea, mama, nipo hapa."

"Maskini kipenzi changu, chukua tu!" Bi Lorraine akasema, akamimina peremende kwenye mfuko.

Picha ilitoka: mdomo wazi, macho yamemtoka. Maren akaifuta upesi. Mwanga ulikuwa umebaki kidogo mno.

"Vua koti basi, dakika moja tu, baba aone mabawa."

"Si ni wewe uliyenivalisha?" Hattie akang'aka, hasira imemtoa kigugumizi. "Halafu unanikodolea na hilo lisimu mpaka maneno yananikimbia!"

Maren aliteremsha simu taratibu. "Haya. Nitakaa nyuma."

Taa za barabarani zikawaka. Basi, imekwisha, akawaza.

Mzee Dykstra alifungua mlango, akamwangalia mgeni wake kutoka juu hadi chini. "Bundi gani huyu wa kuvaa koti? Wenzake wamemfukuza?" Akavuta kigoda, akaketi palepale mlangoni, bakuli la peremende mapajani. "Mimi sina haraka. Bila kichekesho hupati kitu."

"Kwa... kwa nini mzi... mzi..."

Nyuma yao watoto wengine walikuwa wameshafika. "Wahi bwana, tunaganda!" mmoja akapiga kelele. Maren akauma mdomo. Kichekesho alikijua chote, kilimjaa kinywani, na mzee angetoa peremende moja tu mambo yangekwisha. Mzee hakutoa. Alisubiri tu, kichwa amekiinamisha.

"...mzimu huvaa shuka?"

"Sijui. Kwa nini?"

"Kwa sababu... kwa sababu bila shuka ma... mama yake angem... angemvalisha koti!"

Sicho walichofanyia mazoezi. Mzee Dykstra alicheka hadi bakuli likamponyoka, na Maren, palepale alipokuwa, akabonyeza.

Akaitazama picha. Uso wa Hattie haukuwemo. Kulikuwa na mgongo wa koti, ncha moja ya bawa ikichungulia chini yake, mkono mdogo hewani, na mbele, kwenye mwanga wa mlango, mzee kichwa nyuma, anacheka hana hali. Akamtumia Curtis hivyohivyo, kwa hofu.

Jibu lilichelewa. Maren aliitazama simu, akaitazama tena.

"Alimaliza?" Curtis akaandika.

"Alimaliza."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Hattie alikuwa akimvuta mkono, lakini si kuelekea nyumba inayofuata.

"Turudi kwa Bi Lorraine," alisema. "Ha... hajasikia kichekesho chake."