Eda Bila Vidonge

Watu wa mtaa wetu wa Mkomani mpaka leo wananisifu kwa jinsi nilivyomlilia mume wangu. Wanasema mjane wa kulia vile hajaonekana tena. Nikisikia hivyo huinamisha uso na kujifanya nasuka ukili wa mkeka. Wao hudhani ni huzuni. Huzuni gani! Ni aibu, na aibu yenyewe sijui hasa ni ya nini.

Mambo yalianzia ngazini. Miaka mitatu kabla ya kufiwa niliteleza na ndoo ya maji, nikatua kwa mgongo kwenye kipandio cha mwisho. Hospitali ya serikali walinidunga sindano, wakanilaza, nikarudi nyumbani nikitembea upande kama kaa. Maumivu hayakuondoka. Basi daktari, mtu wa bara aliyekuja wakati wa uhuru, akaniandikia vidonge vyeupe, kimoja asubuhi na kimoja jioni. Yaa salaam! Kidonge cha kwanza tu nikaweza kuinama kuwasha jiko. Viwili vikawa vinne, vinne vikawa sita. Mume wangu ndiye aliyekuwa akivifuata, maana safari ya hospitali ilinishinda. Akirudi hunitilia kikombeni, nikimeza huniuliza, "Umepoa, Bi?" Nami hupoa. Sikujiuliza lolote. Dawa ni dawa, imeandikwa na daktari, si bangi.

Akafa ghafla. Alitoka msikitini baada ya sala ya alfajiri, akaketi kwenye baraza ya jirani, hakuinuka tena. Kufikia alasiri alikuwa keshazikwa na mimi nimeingia eda: miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, bila wanja wala manukato.

Siku ile sikulia. Nasema kweli yangu. Wanawake wamejaa ukumbini, wifi yangu, dada wa marehemu, anagaragara kwa kilio, na mimi macho makavu. Nilikuwa nimeganda. Nikamsikia mmoja akinong'ona, "Huyu mbona halii?" Na katika ganzi hiyo, Mungu anisamehe, nikawaza kwamba kwenye kikombe changu cha dawa mmebaki vidonge saba tu.

Ningesema vipi? Mume hajamaliza siku kaburini, na mimi nimwambie dada yake akaniletee vidonge vyangu? Nikavimega, nikavigawa, na siku ya pili jioni vikaisha.

Siku ya tatu, watu wanasoma khitma, nikaanza kulia. Machozi yalitoka yenyewe. Pua ikachuruzika, miayo haiishi, vinyweleo vimesimama, jasho na baridi kwa pamoja. Tumbo likanipeleka msalani sijui mara ngapi. Miguu ilitaka kukimbia, nami siruhusiwi kuvuka kizingiti. Nikajifunga leso kiunoni nikalia kwa sauti, nikimwita mume wangu. Wifi akanikumbatia, akawaambia wenziwe, "Mwateni alie. Matozi haya ni haki ya mumewe." Na wale waliokuwa wakinong'ona juu yangu juzi, sasa wakalia nami.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nilikuwa nikimlilia kweli, au nilidhani hivyo. Lakini kila nikimwona akilini, namwona amesimama mlangoni na karatasi ya vidonge mkononi. Ni yeye ninayemtaka, au ni ile karatasi? Nikajaribu kumwondolea karatasi, nimwone mikono mitupu. Akapotea yeye pia. Astaghfirullahi! Nilijichukia. Kisha nikapiga chafya nane mfululizo, na bibi mmoja akasema huzuni imenipanda kichwani.

Mgongo nao ukaamka, ukauma kama siku ile ile niliyoanguka. Siku ya tano hata uji haukupita. Wifi akaogopa kwamba nitamfuata nduguye, akamwita daktari yule yule wa vidonge. Alikaa upande wa pili wa pazia, akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyekuwa ameniuliza. Miayo ilianza lini? Miguu inatulia? Dawa iliisha siku gani?

"Mama," akasema kwa Kiswahili chake cha bara, "hii si huzuni peke yake. Mwili yako imezoea dawa, na imekatwa ghafla. Haifai hivyo. Inatakiwa kushuka pole pole."

"Basi, Bwana daktari, simlilii mume wangu?"

"Hiyo mimi siwezi kupima," akasema.

Akaacha vidonge. Nikameza kimoja mbele ya wifi. Haikupita saa moja, machozi yakakatika, pua ikakauka, miguu ikatulia. Nikamtafuta mume wangu moyoni. Hayupo. Pale alipokuwa palikuwa laini tu, hapaumi kitu. Hilo lilinitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Wifi alipoona nimetulia akafurahi, "Alhamdulillahi, umepata subira." Subira! Nilitamani ardhi inimeze.

Siku hiyo hiyo nikamweleza kila kitu. Nilitaraji anitukane. Alinitazama, akavuta pumzi, akasema, "Wee nawe! Sasa tufanyeje?" Akavichukua vidonge akaviweka kwake, akawa ananipa kama alivyoagiza daktari: sita, vitano, vinne, kila hatua wiki mbili. Kila tukipunguza nalia siku mbili tatu, kisha nakauka, na kila mara najiuliza hiki ni kilio cha nani. Wifi alinikanda mgongo kwa kitambaa cha maji moto, akanitania kwamba nimekuwa mwanawe wa uzeeni. Mgongo unauma hata leo, lakini nimejifunza kukaa nao.

Eda ilipokaribia kwisha nilibaki na robo ya kidonge, asubuhi tu. Siku moja wifi akanitilia robo hiyo kiganjani, akashuka kununua mkate. Bado nina usingizi machoni, nikaita kwa mazoea, "We bwana, hebu niletee maji nimezee hii." Kimya. Nikaita tena, kwa hasira sasa, nimemkasirikia kwa kunichelewesha. Nikageuka mlangoni kumgombeza. Mlangoni hapana mtu.

Nilikaa chini palepale. Nilimwona mume wangu akilini, akinuna kwa kuwa chai haina hiliki. Nilimwona akigombana na komeo la mlango, akitafuta kofia aliyoivaa kichwani. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Wifi aliporudi akashtuka kunikuta sakafuni. "Yarabi! Umemeza dawa yako?" Sikuelewa anauliza nini. Akakifungua kiganja changu kwa nguvu. Robo ya kidonge ilikuwa imeyeyuka yote, imebaki uji mweupe katikati ya vidole. Nilikuwa nimeisahau.