Siok-khim na Waokota Mkia

Siok-khim alikuwa na mdomo. Mama yake aliusema mdomo huo kama mtu anayetaja ugonjwa wa ukoo. Mzee Khoo, mwenye sinema pekee katika mji ule wa kiwanda cha sukari kusini mwa Taiwan, aliusema huku akisugua viganja, maana ndio uliokuwa ukimjazia viti.

Filamu za siku hizo zilisema lugha ya serikali, ile iliyokuja na wanajeshi kutoka Bara, ng'ambo ya bahari, waliposhindwa vita vyao na kukimbilia kisiwani. Watu wa mji walikuwa na lugha yao ya nyumbani, na waliobahatika kusoma walikuwa wamefundishwa Kijapani, enzi Wajapani walipotawala kisiwa. Kwa hiyo ungeweza kukaa mwanzo hadi mwisho wa filamu ukaelewa farasi peke yao. Ndipo ikaja kazi ya Siok-khim. Alikaa pembeni ya pazia la kuonyeshea picha na kipaza sauti, akawasemea wote: shujaa, mchumba, ajuza, hata farasi akiona wamemsahau.

Kazi hiyo hakuiomba. Aliyekuwa nayo ni bwana mmoja wa tai na mafuta ya nywele, aliyesimulia kila filamu kama anatangaza msiba. Siku ya sikukuu ya hekalu akanywa, akasinzia wakati bibi harusi analia kwenye pazia. Siok-khim alikuwa akiuza mbegu za tikiti kati ya viti. Akaweka kikapu chini, akakishika kipaza sauti, akalia kwa niaba ya bibi harusi, kisha akaongeza maoni yake kuhusu bwana harusi. Watu hawakutaka tena kusikia habari za mwenye tai.

Utotoni alichapwa na mwalimu Mjapani kwa kusema lugha ya mama yake darasani. Wajapani wakaondoka, serikali mpya ikaja, ikatoa kiboko chake kwa kosa lilelile. Wengine waliona jambo hilo linaudhi. Siok-khim aliona linachekesha kupita kiasi, na yeye alikuwa akilipwa kwa kuchekesha.

Sasa ikaletwa filamu ya serikali, ambayo kila sinema ililazimika kuionyesha. Mlisimama kwanza kwa wimbo wa taifa, mkakaa, mkapigwa mizinga masikioni, na mwishoni kapteni mmoja mwenye kifua kama kabati alisimama ufukweni, akaitazama bahari na kuapa: mwaka ujao tutarudi nyumbani Bara! Mkewe, machozi yakimlengalenga, alijibu kwa lugha ya serikali kwamba atamsubiri milele.

Siok-khim hakuamini kwamba mwanamke mwenye akili zake angesema hivyo. Yule mke, kwa sauti ya Siok-khim, alijibu: "Hata mwaka jana ulisema hivyohivyo. Njoo ule, tambi zinapoa!"

Watu walicheka mpaka mbegu za tikiti zikawapalia. Kila jioni, kwa wiki nzima, walicheka palepale. Na kicheko kina miguu. Kilifika hadi ofisi ya utamaduni ya wilaya.

Aliyetumwa ni Afisa Pang, mtu wa Shandong huko Bara, mrefu, kidevu chembamba, suruali iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Alichomoa kipaza sauti kwenye waya wake bila kuuliza mtu.

"Kusimulia kwa lugha ya mtaani ni marufuku," alisema kwa lugha ya serikali. "Leo nitakaa na wewe mama, bega kwa bega, filamu nzima. Ukifungua mdomo, sinema hii inafungwa na wewe unakwenda Taipei kujibu maswali."

Siok-khim aliielewa lugha hiyo vizuri. Alijifunza kwa redio akikaanga vitunguu. Alielewa pia maana ya kujibu maswali. Kinyozi wa mtaa wa pili alikwenda kujibu maswali, na kiti chake mpaka leo kilikuwa kinakaliwa na paka. Siok-khim alikuwa na mabinti wawili nyumbani. Aliogopa, tena aliogopa hasa.

Mzee Khoo alimvuta kando. "Khim, mwanangu, nakuomba. Leo uwe bubu."

"Nitakuwa kaburi, mzee."

"Hata kupiga chafya usipige!"

"Nikipiga chafya nitapiga kwa lugha ya serikali."

"Unaona sasa? Huo mdomo! Huo huo!"

Filamu ikaanza. Siok-khim alikaa karibu na Afisa Pang, ambaye alikipakata kipaza sauti kama kitoto. Mizinga ikalia. Kapteni akahutubia, akahutubia tena. Hakuna aliyeelewa kitu.

"Dada Khim! Umemeza nini leo?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma.

"Huyo farasi anasemaje? Mbona kanyamaza?"

"Mzee Khoo, turudishie hela zetu, tukalale kwetu bure!"

Afisa Pang aligeuza shingo taratibu, na kila mtu akawa anatafuta kitu chini ya kiti. Siok-khim alitia plamu kavu mdomoni, akaiuma kama mtu anayeng'olewa jino. Maneno yalimjaa kooni. Mbele yake kapteni alikuwa akisema upuuzi mtupu, na yeye hana ruhusa ya kumsaidia.

Hapo ndipo Mzee Khoo alipofanya kosa lake. Kila jioni filamu ikikaribia kwisha, tarumbeta ikilia, alikuwa na desturi ya kufungua milango mikubwa ili wasio na hela waingie bure, waone mwisho, watamani, na kesho walipe waone mwanzo. Watu hao waliitwa waokota mkia. Hakukumbuka kabisa kwamba leo si siku ya mikia. Tarumbeta ililia, mikono yake ikafungua yenyewe.

Wakamiminika, mbele yao Bibi A-Hong, muuza madonge ya samaki ya supu, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kuona mwanzo wa filamu yoyote. Kwa akili yake hadithi zote duniani huanza na tarumbeta. Lakini mkia wa filamu hii alikuwa ameuokota wiki nzima, yeye na wenzake wote, na waliujua kwa moyo kuliko majina ya wajukuu zao.

Kapteni akasimama ufukweni. Akafungua kinywa. Ikatoka lugha ya serikali tupu.

"Khim!" Bibi A-Hong akafoka. "Umelala? Msemee mtu wa watu!"

Siok-khim akakaza meno.

"Haya, kama umelala nitamsemea mwenyewe." Bibi akatua ndoo yake, akatunisha kifua, akanguruma: "Mwaka ujao tutarudi nyumbaniii!"

Na waokota mkia wote, waliosimama na waliochuchumaa, wakaitika kwa sauti nyembamba ya mke: "Hata mwaka jana ulisema hivyohivyo! Njoo ule, tambi zinapoa!" Waliolipa hela zao wakaona wanapitwa, wakarudia kwa nguvu zaidi. Ukumbi ukatikisika.

"Wanasema nini?" Afisa Pang akauliza.

"Wanasema taifa lidumu, Bwana Afisa."

"Mbona wanacheka?"

"Uzalendo, bwana. Umewazidi."

Taa zikawaka. Watu walipoona uso wa afisa, walitoka mmoja mmoja kwa kunyata, na Bibi A-Hong akasahau ndoo. Mzee Khoo alikuwa ameukumbatia mlango wake kama anaagana nao. Siok-khim alibaki kitini. Aliwaza ni jirani gani atakayewasuka nywele mabinti zake, na kwamba mdomo wenyewe haukusema neno na bado umemponza.

Afisa Pang hakuinuka. Alilitazama pazia tupu. Kisha akakichukua kipaza sauti mapajani mwake, akakiweka mapajani mwa Siok-khim.

"Hata mwaka jana," alisema, "nilisema hivyohivyo."

Alisema kwa lugha ya nyumbani ya watu wa mji. Matamshi yake yalikuwa mabovu, ya Shandong tupu, lakini maneno yalikuwa kamili, ya mtu aliyekula miaka mingi kwenye vibanda vya watu na kusikia kila walichosema juu yake. Siok-khim alikiweka kipaza sauti sakafuni.

"Basi nenda kale, Bwana Afisa," alimwambia taratibu. "Tambi zinapoa."