Treni ya Uani Kwetu

Nta ya nyuki ikiguswa na chuma cha moto hutoa harufu tamu kwanza, halafu kali, halafu harufu ya kitu kinachoungua. Harufu hiyo ilikaa jikoni kwetu masika yote ambayo baba hakwenda kazini. Tuliishi kota za reli, Mpanda, karibu na stesheni kiasi kwamba treni ya Tabora ilipoingia vikombe vililia kabatini. Nta ilitoka Ugalla, kwa shangazi aliyeolewa na mrina asali, na baba aliitumia kupaka ncha za nyaya kabla ya kuzilehemu, kwa sababu dawa yenyewe ya kulehemu haikupatikana dukani. Chombo chake cha kulehemu kilikuwa kipande cha shaba kilichopigwa kwenye mpini wa mti. Alikichomeka kwenye mkaa, kando ya sufuria ya maharage, na mama alikuwa akikisogeza kwa mwiko, kama mtu anayesogeza miguu ya mgeni asiyejua kuondoka.

Baba alikuwa dereva wa treni. Alikuwa amesimamishwa kazi kwa sababu ya ajali iliyotokea kwenye kituo kidogo cha porini, mahali ambapo treni za mizigo zilisimama kuacha na kuchukua mabehewa. Siku hiyo alikuwa na mabehewa marefu ya mahindi na tumbaku ya Katumba, na alitakiwa kuyarudisha nyuma polepole kwenye njia ya pembeni, iliyopinda. Dereva anayerudi nyuma haoni anakokwenda. Anaiangalia bendera ya mtu aliyesimama chini, mwisho wa treni: kijani njoo, nyekundu simama. Aliyeshika bendera alikuwa Baba Remi, jirani yetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Treni ilipokuwa inarudi, toroli ya mafundi wa njia, kigari chao kidogo cha relini, ilijitokeza nyuma, behewa la mwisho likaigonga, na mfanyakazi mmoja akavunjika mguu vibaya. Baba Remi alisema aliiona toroli akageuza bendera kuwa nyekundu, na dereva hakusimama. Baba alisema aliitazama ile bendera tangu treni ilipoanza kurudi hadi ilipogonga, na wakati wote ilikuwa kijani. Kamati ilikuwa inakuja kuwasikiliza. Kati ya watu wale wawili mmoja angepoteza kazi na nyumba, na hilo hata sisi watoto tulilijua. Remi tuliyekuwa tukikaa naye dawati moja alihamia dawati la nyuma, na mama zetu wakawa wanachota maji kwa zamu ambazo hakuna aliyezipanga.

Nilikuwa darasa la sita. Mdogo wangu Deo alikuwa la pili. Baba aliniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake, Tekla, na kwa kuwa hakuwa na mtoto mkubwa mwingine alinizoesha kushika koleo na bisibisi tangu mapema. Alikuwa mtu asiyeamini maneno matupu. Kama mlango ulilia, hakusema unataka mafuta. Aliung'oa kwanza akatazama bawaba. Kwa hiyo sikushangaa alipotoa uvunguni sanduku aliloachiwa na bruda mmoja wa misheni aliyerudi kwao Ulaya, mtu aliyewahi kutengenezewa jenereta na baba. Ndani mlikuwa na kichwa cha treni kidogo, kirefu kama kiganja na nusu, mabehewa machache, na vipande vya reli vilivyopinda. "Nitawajengea kamati kituo kile kile," alisema. "Waje walale chini, waone nilivyoona."

Shida ilikuwa umeme. Treni ile iliundwa kunyonya umeme kutoka kwenye reli zake, kupitia magurudumu, na reli zenyewe zilitaka umeme wa ukutani ambao kota yetu haikuwa nao. Hata kama ungekuwepo, vipande vya bruda vilitosha duara dogo tu, na baba alitaka kipande halisi cha njia, kilichopinda kama kile cha porini. Alitengeneza reli zake kwa waya mnene wa uzio, akazipigilia juu ya vijiti uani. Mvua moja tu na zote zikashika kutu. Kutu haipitishi umeme. Siku mbili alikaa juu ya ndoo akizitazama. Halafu akasema treni itabidi ibebe umeme wake yenyewe, na iongozwe kwa mbali, ili yeye aweze kulala chini kando yake bila kuigusa. Macho yake yakaenda kwa Deo, aliyekuwa akiendesha varandani gari la kuchezea aliloletewa na mjomba kutoka Dar es Salaam, gari la rimoti, la pekee katika kota zote.

Deo alilia hadi akatapika. Mama alitoka na mwiko mkononi. "Wenzako wanatafuta watu wa kuwasemea," alimwambia baba, "wewe unamnyang'anya mtoto gari. Na betri za tochi zote umezimaliza. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Baba Tekla." Baba aliligeuza gari tumbo juu akafungua skrubu moja baada ya nyingine, akizipanga kwenye kifuniko cha kopo la chai kwa mpangilio aliozitolea. Ndani mlikuwa na saketi ndogo, nyembamba kama biskuti, inayopokea amri ya rimoti. Tulikata nyaya zinazotoka kwenye magurudumu ya treni, tukaziunga nyaya za mota kwenye ile saketi, na betri zikakaa ndani ya behewa la kwanza kwa kuwa kichwa hakikuwa na nafasi. Mara ya kwanza moshi ulitoka. Tuligundua kwamba bodi ya chuma ya kile kichwa ilikuwa ni sehemu ya njia ya umeme, na saketi ilikuwa imeigusa. Tuliitenga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Mara ya pili treni ilikwenda, lakini ilikwenda kama mlevi: ilisimama bila kuambiwa, ikaondoka rimoti ikiwa juu ya stuli. Baba alikagua kila kiungo akakata tamaa. Mimi ndiye niliyeweka redio ya nyumbani karibu na mota na kusikia inavyokwaruza. Nilimwambia kwamba cheche za mota zinapiga kelele kuliko rimoti, na saketi inasikiliza cheche. Tulitoa kapasita moja, kidude cha kumeza kelele kama hizo, kwenye redio mbovu, tukaifunga kati ya nyaya mbili za mota, na kuanzia hapo treni ikatii. Baba alinishika kichwa kwa mikono miwili. Sikumbuki kama aliwahi kunishika vile kabla.

Jaribio lilikuwa Jumapili, baada ya misa. Mabehewa yaliyopungua baba alikuwa ameyachonga kwa mti mwepesi, kwa vipimo alivyovijua kwa moyo, na vishikizo vya kuyaunganisha aliviacha vilegee kama vya treni ya kweli, ambavyo hunyooka treni ikivuta na kubanana ikisukuma. Toroli ilikuwa kiberiti. Bendera ilikuwa kijiti chenye karatasi, upande mmoja kijani, upande wa pili nyekundu. Deo, ambaye kwa kazi hiyo alikubali kusamehe, alichuchumaa mwisho wa treni akiwa amekishika. "Ukitaka geuza, usipotaka usigeuze," baba alimwambia. "Mimi nitasema ninachokiona. Usinisaidie." Mimi nilisimama pembeni na rimoti, mahali ninapowaona wote wawili. Baba alilala kifudifudi kwenye udongo mbichi, jicho lake sawa na dirisha la dereva. Kabla treni haijaondoka aliiona bendera, kwenye upenyo kati ya mabehewa mawili marefu. "Naiona," alisema. "Si niliwaambia? Kijani. Rudisha, mama."

Nilirudisha. Baba alitambaa kwa viwiko kando ya kichwa cha treni, mtu mzima mwenye mabega mapana, na mama aliyekuwa mlangoni na ungo wa mchele alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu ajali. "Kijani," baba alisema. "Kijani. Bado kijani." Niliona Deo akigeuza kijiti, mapema kabisa, mabehewa yalipoanza tu kubanana. Baba alitambaa. "Bado kijani. Bado." Behewa la mwisho likakipiga kiberiti kikapinduka.

"Baba," Deo alisema, "mbona mimi nimegeuza zamani?"

"Uongo. Umegeuza sasa hivi."

"Haki ya Mungu, baba. Ilipoanza tu kurudi."

Baba alinigeukia. Alikuwa na udongo kwenye shavu. "Mama, ni kweli?"

Nikasema ni kweli.

Alirudia. Alitubadilisha, Deo kwenye rimoti na mimi kwenye bendera, nami nikageuza nikachelewa, halafu nikageuza nikawahi, na kila mara alisema kijani mpaka kiberiti kilipopinduka. Hatimaye alimwambia Deo asimamishe treni katikati ya mwendo, akaweka jicho palepale, akakaa hivyo muda mrefu. Mabehewa yalipobanana na kuingia kwenye kona, ule upenyo ulizibwa. "Naona mbao tu," alisema. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini sikuwahi kusikia walisema nini kuhusu mwenye macho anayeendelea kukiona kitu ambacho hakipo tena mbele yake. Baba hakuwa mwongo. Aliiona kijani ile ya mwanzo, na kichwa chake kiliendelea kuishikilia baada ya macho kuipoteza. Na kanuni ya kazi yao, ambayo alikuwa akiwafundisha madereva wanafunzi mpaka sisi tukaikariri kama sala, ilikuwa fupi: bendera usiyoiona ni nyekundu. Dereva akiipoteza, anasimama. Hangoji kuambiwa.

Mama aliacha kucheka. Aliweka ungo chini. "Inuka, Baba Tekla, watu wanakuona. Hiyo ni treni ya watoto. Kamati haiji hapa kuuliza treni ya watoto." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ipige teke iishe."

Baba alijipangusa magoti akaenda nyumba ya tatu. Alirudi na Baba Remi, ambaye alikuwa bado na shati lake la kanisani na alitembea kama anayeitwa kupigana. "Lala hapa uone," baba alimwambia.

"Nimetoka misani, nilale matopeni?"

"Lala, ndugu yangu."

Alilala. Mimi nikaendesha. Treni iliporudi hadi katikati Baba Remi alisema, "Sioni kitu."

"Na mimi sikuona."

"Mbele ya bosi ulisema umeona."

"Nilisema. Na mpaka sasa nikifumba macho naiona."

Nilitegemea Baba Remi ashangilie. Alikaa tu chini, akakichukua kile kiberiti, akakirudisha juu ya reli taratibu kama kitu cha mtu. "Sasa nyie mtakwenda wapi?" aliuliza. Mama aliingia ndani akafunga mlango.

Kamati ilipokuja baba hakuwaonyesha treni. Aliwaambia kwa maneno kwamba aliipoteza bendera na hakusimama. Tulihamia mtaa wa Shanwe kabla mahindi hayajakomaa, vyumba viwili vya kupanga, maji ya kisima. Baba alipata kazi ya kutengeneza mashine za kusaga Katumba, akawa anarudi Jumamosi na unga kwenye nyusi. Hakuwahi kuonekana mwenye amani, kama ambavyo hadithi za wasema kweli hupenda kutuahidi. Alikuwa mkimya, mwenye kukasirika kwa vitu vidogo, na treni ilipopiga honi aliacha alichokuwa akikifanya mpaka sauti ipotee. Baba Remi alikuja kutusalimia mara moja, na kuku. Mama alimpokea kuku.

Baba amefariki. Mimi natengeneza simu na redio hapa Mpanda, kazi niliyojifunza kwa kufungua vitu na kusoma usiku vitabu vya wengine. Sikupitia chuo. Mara chache huja mtu na kichwa cha treni cha kuchezea, kumbukumbu ya mzazi au zawadi kutoka nje, ambacho reli zake zimepotea, nami hukifanyia kile kile tulichofanya. Kile kilichotuchukua masika nzima sasa kinanichukua alasiri moja. Betri ni ndogo kuliko kidole changu cha mwisho na inachajiwa kwa waya wa simu. Kifaa cha kupokea amri huagizwa na kufika kwa basi. Rimoti ni simu yenyewe. Hata ajali, nadhani, leo ingekuwa na mtu aliyeipiga picha, na hakuna ambaye angehitaji kutambaa kwenye udongo ili ajue alichokiona. Sijui kama hilo ni jema tupu. Picha ingemshinda baba. Yeye alijishinda mwenyewe, na sisi ndio tuliolipia.

Mama naishi naye. Majuzi nilimaliza kichwa cha mteja nikakijaribu sakafuni, karibu na mlango, kikazunguka mguu wa kiti chake na kurudi kwangu. Alikitazama.

"Inakwenda," alisema.

"Inakwenda, mama."

"Ile ya baba yako ingekataa siku ile moja tu, tungezeekea kota."

Nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyeifanya isikatae, lakini analijua hilo, na katika miaka yote hii hajawahi kunitupia lawama. "Na kina Remi wangezeekea wapi?" niliuliza.

Alirudisha miguu chini ya kiti. Kisha akasema nikiondoe kile kichwa pale mlangoni, mtu asije akakikanyaga.