Mtoto wa Vyungu Viwili

Ndugu yangu wa kiume, aliyenifuata kuzaliwa, alimwacha mkewe kwa talaka tatu wakati ule reli ya Mdachi ilipokuwa imefika Dodoma. Sababu yake sitaitaja, kwa kuwa hata wao walipoulizwa kila mmoja alikuwa na yake, na zote zilikuwa za kijinga. Mwanamke akarudi kwao ng'ambo ya mto, hapo hapo Kondoa. Mto wenyewe ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, mtoto anavuka bila kulowa vidole. Mimi nilikuwa mjane, nikabaki kumpikia ndugu yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kununua samli huko Haneti na kwenda kuiuza. Na binti yao, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka, akawa wa kwenda na kurudi.

Nilidhani la mtoto lingekuwa jepesi, maana wote wawili walimpenda. Kumbe hapo ndipo palipokuwa na shida. Walimpenda kwa kushindana, na walishindana kwa chakula. Mtoto akiingia tu kutoka kwa mama yake, hata hajaketi, baba anauliza, "Umekula nini huko?" Siku moja alijibu ukweli: wali kwa kuku. Ndugu yangu akanuna. "Basi hapa kwetu ndipo penye njaa," akasema, na ugali wangu hakuugusa, utadhani mimi ndiye niliyemwacha mkewe.

Tangu hapo mtoto akiulizwa hujibu, "Sijala, baba." Na baba mtu anafurahi! Anafurahi kwamba mwanawe ameshinda na njaa. Kisha ananigeukia: "Dada, mpakulie." Nampakulia ugali wa uwele na mlenda, na maziwa yakiwapo. Anakula anamaliza, nami moyoni namlaani mama yake.

Baadaye tumbo likaanza kumuuma. Akawa anatapika uani na kulala amejikunja. Ndugu yangu akasema yule mwanamke amemtilia kitu mtoto. Maneno yakaja kutoka ng'ambo kwamba mtiaji ni mimi, shangazi mtu. Mimi! Ndugu yangu akaapa kwenda kushtaki bomani, yule naye akaapa kumtangulia, kana kwamba Mdachi alivuka bahari yote ile aje kupapasa tumbo la mtoto wa Kondoa. Mganga akaitwa, akamfunga hirizi mkononi. Mtoto akazidi kukonda. Nikaanza kuogopa kwamba tutamzika huku wazazi wake wakibishana nani anunue sanda.

Alasiri moja nilimlisha, nikamtazama akiteremka kuelekea mtoni, ndipo hasira zikanipanda. Nikajifunga kaniki yangu na kumfuata, nikampashe wifi yangu wa zamani maneno niliyokuwa nimemtunzia. Nilipofika mlangoni nilimkuta mtoto mkekani, bakuli la wali mbele yake, na mama yake amepiga magoti anambembeleza: "Kula mwanangu. Najua huko hawakupi kitu."

Mtoto akaniona. Mkono wake ukasimama. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake, kisha akalitia tonge kinywani na kulimeza, machozi yanamtiririka.

Nikaketi ukingoni mwa mkeka.

"Wifi," nikasema, "huyu nimemlisha sasa hivi. Ameshiba."

"Kaniambia hajala."

"Na kwetu akija husema hivyo hivyo."

Mama yake akamgeukia mtoto. Kisha akaliondoa bakuli, akaketi chini, akamvuta mapajani.

Kuwakutanisha wale wawili ilikuwa kazi nyingine. Ndugu yangu hakutaka kuvuka mto, na yule hakutaka kukanyaga nyumba aliyoachwa. Ikabidi tukutane katikati, kwenye mchanga, jua linatuchoma kwa sababu ya kiburi chao. Nikawaambia mtoto asiulizwe tena amekula nini. Akifika, mkaribisheni, basi.

"Na akija na njaa?" ndugu yangu akauliza.

"Atasema!"

"Na huyu akimpa wali kila siku?"

Nilikuwa nimekwisha chota mchanga mkononi. Namshukuru Mungu niliumwaga chini, maana nilitaka kumrushia mdomoni.

Alijaribu, nisimnyime haki yake. Mtoto akirudi, alikaza mdomo kama mtu anayezuia chafya. Tatizo ni kwamba mtoto naye alikuwa amezoea kuulizwa. Siku moja aliingia, akaamkia, akasimama karibu na mlango akilingoja swali. Swali halikuja. Akamtazama baba yake, akaona amenyamaza, akadhani amekasirika. Basi akaenda jikoni mwenyewe, akafunua chungu, akamega tonge, akarudi nalo kulila mbele yake, huku akimchungulia usoni aone kama amefurahi.

Ndugu yangu akainuka, akamshika mkono ule ule wenye ugali. "Acha, mama," akamwambia. "Sijakasirika. Acha."

"Kweli, baba?"

"Kweli."

Mtoto akaliangalia lile tonge, kisha akamwekea baba yake kiganjani.

"Nimeshiba," akasema. "Nimeshiba siku nyingi."