Breki Inayorudisha Umeme

Kwa miezi mitatu mke wangu alikataa kupanda tramu yangu, na sikumlaumu hata siku moja. Mwaka wetu wa mwisho Bukavu nilikuwa naendesha pikapu, yeye kakaa pembeni yangu. Mbuzi akakatiza barabara, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote, naye akajigonga tumbo kwenye dashibodi. Mimba ilikuwa ya miezi mitano. Mbuzi alipona.

Hakuwahi kunitupia neno. Lakini miaka kumi baadaye, hapa Brussels, nilipata kazi ya udereva wa tramu naye akiwa mjamzito tena. Asubuhi ya kwanza nilimkuta kituoni kwetu Schaerbeek, nikamfungulia mlango wa mbele. Akatikisa kichwa.

"Wewe enda, chéri," akasema. "Miye nitachukua tramu ya nyuma yako."

Nikaondoka na wake za watu, moyo umenivunjika.

Siku zile madereva tulikuwa tunafundishwa upya kufunga breki ili umeme usipotee bure. Mwalimu wetu, Mbelgiji mwenye masharubu aliyetugombeza kama watoto, alisema ukivuta kishikio cha breki mapema na polepole, mota zinageuka jenereta. Zinapunguza mwendo, na papo hapo zinarudisha umeme kwenye waya wa juu, na tramu nyingine inayopanda mlima karibu nawe inauchukua. Asipokuwepo wa kuuchukua, unaishia kuwa joto juu ya paa. Ukifunga ghafla, hurudishi kitu cha maana, na vikongwe wanaanguka. Wenzangu walipiga miayo. Mimi niliandika kila neno.

Nikashika mazoezi kwa ukaidi. Nilianza kupunguza mwendo mbali kabla ya kituo, kwa vidole tu. Kwenye mteremko, nikiona tramu ya mwenzangu inapanda, nilijua kidogo namsukuma mimi, nikacheka peke yangu kama chizi. Mbele yangu niliweka kikombe cha chai kilichojaa pomoni, jambo lililokatazwa kabisa. Wiki ya kwanza nilirudi nyumbani suruali imelowa. Wiki ya sita nilimwambia mke wangu, tukiwa mezani, kwamba leo halikumwagika hata tone.

"Bon," akasema, akiendelea kula sombe, kisamvu cha kwetu. "Lakini miye si chai."

Nilikwenda kuosha vyombo.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, tramu ya nyuma yangu iliharibika asubuhi moja ya mvua. Nilipofungua milango kituoni kwetu, mke wangu alikuwa amesimama pale, kalowa, ananitazama. Akapanda bila salamu, akakaa siti ya pili. Niliogopa kuliko siku ya mtihani wa udereva, na nilimpenda mno. Niliendesha vituo tisa bila kuthubutu kutazama kioo.

Kwenye kituo chake hakushuka. Nikageuka. Alikuwa amelala fofofo, kinywa wazi, kichwa kwenye dirisha. Mama mmoja wa Kituruki akainama kumwamsha, nikamwashiria amwache, nikafunga milango.

Alichelewa kazini karibu saa nzima. Jioni alinigombeza mpaka tukaenda kulala, na kesho yake akapanda tena.