Nilivaa Kanzu Nimzike Mama, Wakasema Nimetubu

Nina miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa. Mhariri, tafadhali nifichie jina. Nilizaliwa mwanamume, lakini tangu utotoni najijua mwanamke, na ndivyo nilivyoishi: nywele ndefu, kanga mwilini, kazi yangu kuwapaka maarusi hina. Mtaani nimezomewa. Msikitini nimefukuzwa upande wa wanaume, na upande wa wanawake pia. Mamangu peke yake hakunichoka. Akinunua doti ya kanga Biashara Street, hukata, kipande chake, kipande changu. Tukiswali pamoja chumbani kwake, kanga ikiniteleza kichwani huirudisha kwanza, ndipo aanze.

Mwezi uliopita Mama alifariki. Wanawake walinikataza nisimwoshe, wakasema mimi mwanamume. Kakangu akaja na mkasi. "Makaburini huendi na nywele hizo. Wataka kumzika mamako, hutaki?"

Nilitaka. Nikanyolewa, nikavaa kanzu ya kakangu, nikateremka kaburini naye, tukampokea Mama tukamlaza. Nilifanya hivyo kwa ajili ya Mama tu, basi.

Kumbe watu wameona jingine. Tulipotoka makaburini wanaume walinikumbatia. "Mashallah, umetubu! Sasa tukutafutie mke, bwana!" Hata aliyenifukuza msikitini alinipa mkono, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli. Nilishindwa kumkatalia.

Na wanawake nao wamenifungia milango. Jirani niliyempaka hina harusini kwake alinijibu akiwa nyuma ya mlango, "Shoga yangu, sasa umekuwa mwanamume, nitakaaje kichwa wazi mbele yako?" Akacheka kidogo. Kisha nikamsikia akilia, lakini hakufungua.

Siku ya hitma ya arobaini, Mama akisomewa Kurani, kakangu ataka nisimame mbele ya watu niseme kwa kinywa changu kwamba nimetubu. Nikikataa, nihame nyumba ya Mama, na atawaambia watu nilimdanganya Mungu juu ya kaburi la mzazi wangu. Nikikubali, kila nitakaposujudu nitakuwa nasema uongo, na mimi Mungu namwogopa. Tangu azikwe sijaingia msikitini. Naswali chumbani kwake, mlango nimeukomea, na maishani sijawahi kulala nje ya Kibokoni, mtaa wetu huu, hata usiku mmoja.

Hitma imekaribia. Wasomaji wenzangu, nyinyi mngekuwa mimi mngefanyaje? Nisimame niseme wanalolitaka, au nitoke nyumba aliyonizalia mamangu?