CYBERCAFÉ njo neno moja, Séraphin

Mu Kamina muzima, tangu gare ya treni mpaka ku Base ya askari, hakuna mukono yenye kuandika ku ukuta kama hii yangu. Hata mbuzi zikipita mbele ya kazi yangu zinasimama kusoma. Na masomo niliachia mwaka ya tano ya primaire!

Lakini leo mukono hii inaandika ku simu. Séraphin amekufa. Kichwa yangu bado inakataa. Nikisikia mutu anapiga vidole ku clavier, nageuka kuangalia kama njo yeye.

Benye hamukumujua: alikuwa rafiki yangu, mutoto wa mwalimu, Mumetodisti wa kweli, shati ndani ya suruali hata siku ya kufua. Alifungua nyumba ya ordinateur karibu na gare. Kuandikia bantu barua, photocopie, Internet. Minyi njo nilimuchorea ukuta.

Aliniambia: "Andika CYBERCAFÉ. Neno moja."

Sasa, mulango ilikuwa katikati ya ukuta. Nikaandika CYBER kushoto, CAFÉ kuume. Rangi nyekundu, lettre kubwa, mutu anasoma akiwa bado mu train.

"Weye! Umepasua neno!"

"Sikupasua. Mulango njo trait d'union, kale kamustari ka kuunganisha."

Alicheka kidogo, kisha akakumbuka kukasirika. "Basi andika kule juu ya mulango."

"Kule padogo. Minyi siandikake lettre kama mayai ya chawa."

Client wa kwanza kabisa: mama mumoja, muke wa askari, ametoka ku Base na mifuko yake. Alisoma CAFÉ tu, akaingia, akakaa, akapiga meza: "Kahawa moja, sukari tatu!"

Séraphin akasema: "Mama, hapa hatuuzishe kahawa. Tuko na Internet."

"Ile nayo leta. Lakini kahawa kwanza."

Wa pili, kahawa. Wa tatu, kahawa na mukate. Papa mumoja wa Kinkondja, na kitunga yake ya samaki kavu, aliuliza kama Cyber ni jina ya mwenye kupika. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Kesho yake yule mama wa Base alirudi na thermos mbili. "Sasa nitauzisha minyi, muache kudanganya bantu." Akabakia mpaka leo. Bantu banangoja imprimante itoe makaratasi yabo, na kikombe mu mukono, nyumba inajaa mpaka inje. Faute yangu, ile kosa ya ku ukuta, njo ilileta ile yote! Nikamwambia Séraphin: "Neno yako iko sawa, yangu iko na client."

Lakini hakuacha, mutu yule. Alikuwa analeta dictionnaire ya tata yake, anaweka kidole: "Soma." Ninasoma polepole, lettre kwa lettre. "Kuko nafasi katikati?" "Hakuna." "Basi unganisha." "Kesho, patron."

Kesho ile ilifikisha miaka mbili.

Sasa tata yake. Mwalimu wa zamani, miaka yote anafundisha dictée, kuandika bila kosa. Kila siku ya Mungu, akitoka kanisa, anasimama mbele ya ukuta, anaangalia, anatikisa kichwa. "Minyi siingie katikati ya faute." Bon. Séraphin anamutolea kiti, muzee anakunywa kahawa inje, mu jua, na tai yake ku shingo. Hakuingia hata siku moja kuona kazi ya mutoto wake.

Séraphin alikuwa anafanya muzaha juu ya ile. Lakini nilimuona akimuangalia ku dirisha.

Kisha homa. Siku nne ku hôpital, na basi.

Leo asubui, mbele ya kuzika, nilienda kanisa kuomba ngazi. Nikafuta yote. Nikaandika kule juu ya mulango, lettre kadogo kadogo, ndiyo, minyi huyu huyu! Toka C mpaka É hakuna nafasi hata ya sisimizi kupita.

Bantu bakafika na sanduku, banaelekea makaburi. Bakasimama. Tata Mwalimu akavaa miwani. Akasoma na sauti ya darasa: "C, Y, B, E, R, C, A, F, É." Akaangalia accent ya mwisho, kale kamustari juu ya É, sana, sana. Nilikuwa bado juu ya ngazi.

"Hakuna faute," akasema.

Weee! Bantu bakapiga mikono! Bamama bakapiga vigelegele, yule wa Base akainua thermos juu kama kombe ya mpira. Na muzee akainamisha kichwa, akaingia. Akakaa ku kiti yako, Séra. Akagusa clavier na kidole moja, polepole, sawa mutu anajaribu kama chungu ingali na moto.

Umeshinda, ndugu yangu! Umenishinda mbele ya Kamina yote, na minyi njo nilipiga mikono kupita bote. Treni ikiingia kesho, wageni bakishuka batasoma neno yako. Moja. Nzima.

Wafwako, Séra, aksanti. Pumzika muzuri, mutu wa neno moja.

Ila kuko kintu sikuambia mutu. Siku ya tatu ku hôpital uliniuliza: "Uliunganisha?" Nikakujibu: "Ndiyo, tangu jana." Ukacheka, ukasema: "Basi sasa tata ataingia." Ukafunga macho.

Ukuta ilikuwa bado maneno mbili. Nilikudanganya.